Kompyuta ya familia huugua kwa flashi, fundi na bando

Moshi. Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, kompyuta nyingi za nyumbani mkoani Kilimanjaro hutolewa kabatini, hufutwa vumbi na kuanza kazi. Kuna maombi ya vyuo, kuna fomu ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), kuna cheti cha kuzaliwa cha kuhakikiwa Rita, na vyote siku hizi hupitia mtandaoni.

Kwa wiki chache, mashine iliyokuwa ya kuangalizia katuni na video za harusi inabeba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, namba ya Nida, picha za pasipoti, taarifa za mdhamini na nenosiri la barua pepe ambako majibu yote yatatumwa.

Ni kompyuta hiyohiyo ambayo jana yake mdogo mtu alichomeka flashi iliyotoka kibanda cha muvi karibu na stendi, na wiki iliyopita kijana wa jirani alipakulia humo gemu ya bure.

Wazazi wengi wakisikia habari za ulinzi wa kompyuta hufikiria wadukuzi wa kwenye filamu, watu wa mbali wanaoandika kwa kasi gizani. Hali halisi ni ya kawaida zaidi. Mashine za nyumbani huambukizwa kwa njia chache zinazojulikana, na karibu zote hupitia mkononi mwa mtu wa nyumba hiyo.

Jambo la kutia moyo ni kwamba sehemu kubwa ya kinga haihitaji kununua kitu. Gharama yake ni utaratibu, kama ilivyo kunawa mikono.

Folda zinapogeuka

Dalili inayofahamika zaidi ni hii: mtu anachomeka flashi, anakuta folda zake zimekuwa na alama ndogo ya mshale pembeni, au zimepotea kabisa wakati flashi inaonyesha imejaa. Wengi huhitimisha kwamba mafaili yamefutwa, na hapo ndipo hufanya kosa kubwa zaidi, yaani kuifomati flashi.

Mara nyingi mafaili hayajaenda popote. Kirusi kimeyaficha na kuweka mahali pake vifunguo vya mkato vyenye majina yaleyale. Ukibofya folda ya "Picha za Kipaimara", picha zinafunguka kama kawaida, lakini kabla hazijafunguka umekwisha kiruhusu kirusi kuingia kwenye kompyuta. Kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa kwenye mashine hiyo itaondoka nacho.

Windows za miaka ya karibuni haziruhusu programu iliyo kwenye flashi kujiendesha yenyewe, ndiyo maana kirusi cha aina hii kinamhitaji mtu abofye. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni ya subira tu. Flashi ikichomekwa, isifunguliwe. Ibofywe kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama yake, kisha ichaguliwe amri ya kuichunguza kwa Microsoft Defender. Kwa flashi ya kawaida kazi hiyo haimalizi muda wa kuchemsha chai.

Kirusi kikishaondolewa, mafaili yaliyofichwa yanaweza kuonekana tena kwa kuruhusu kompyuta ionyeshe vitu vilivyofichwa. Fundi mwaminifu anaifanya kazi hiyo kwa dakika chache, na mzazi anayeambiwa "vimefutika vyote" ana haki ya kwenda kwa fundi wa pili kabla ya kukubali msiba.

Kwa familia za mlimani, kuna msimu ambao maambukizi haya yana nafasi nzuri kuliko mwingine wowote. Desemba, ndugu wanapopanda Marangu, Machame, Kibosho na Rombo kutoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi kula Krismasi, kila gari huja na flashi ya nyimbo na kila binamu huja na muvi mpya. Flashi moja inaweza kuzunguka nyumba tano za ukoo kabla ya Mwaka Mpya. Watu wa afya wangeuita mkusanyiko wa aina hiyo kwa jina lake, na wasingeshangaa kinachofuata Januari.

Windows ya fundi

Kompyuta nyingi zinazoingia kwenye nyumba za kawaida ni za mtumba. Si jambo baya, kwani kompyuta mpakato iliyotumika ofisini ulaya kwa miaka mitano bado inaweza kumhudumia mwanafunzi kwa miaka mingine mitano. Tatizo huwa ni kilichowekwa ndani yake kabla ya kuuzwa.

Windows isiyo na leseni halali huamshwa kwa programu ndogo ya kuvunja kufuli. Programu hizo, pamoja na zile za kufungua Office na za kuhariri picha, zina sharti moja linalopaswa kumshtua mzazi yeyote: kabla ya kuziweka, fundi au mtumiaji huambiwa azime antivirusi. Ni sawa na mgeni anayebisha hodi usiku na kuomba kwanza mbwa afungwe na taa zizimwe. Baadhi ya wageni hao ni wema. Wengine huacha nyuma programu inayonakili kila kinachobonyezwa kwenye kibodi, au inayotumia umeme wa nyumba hiyo kumchimbia mtu mwingine sarafu za kidijitali, na mwenye kompyuta huona tu mashine imekuwa nzito na feni haipumziki.

Uhusiano kati ya nakala za wizi na virusi una historia ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1986, ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, waliokuwa wakiuza programu za matumizi ya kitabibu, walichoka kuona kazi yao inanakiliwa bila malipo. Wakatengeneza Brain, kirusi kinachotajwa kuwa cha kwanza kusambaa kwenye kompyuta za aina ya IBM, na ndani yake wakaandika majina yao, anwani na namba za simu. Waliowafuata hawakuwa na adabu hiyo.

Kwa mzazi anayenunua kompyuta leo, swali la kumuuliza muuzaji si la ukubwa wa diski peke yake. Aulize kama Windows iliyomo ina leseni, kisha afungue sehemu ya mipangilio na kuangalia mwenyewe kama imeamilishwa na kama Defender inafanya kazi. Kompyuta ambayo Defender imezimwa na haikubali kuwashwa, bei yake iwe ndogo kiasi gani, irudishwe mezani.

Ofisi ya bure ipo pia. LibreOffice huandika barua, hufungua mafaili mengi ya Word na kutengeneza PDF bila kuvunja kufuli la mtu. Kwa mwanafunzi wa sekondari inatosha kabisa.

Sasisho ni chanjo, tatizo ni bando

Hapa ndipo ushauri mwingi unaotoka nje unakwama kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Ushauri huo husema "sasisha kompyuta yako kila mara", kana kwamba kila nyumba ina intaneti ya ukutani. Familia ya Old Moshi au Uru inayotumia hotspoti ya simu ya baba inajua kinachotokea: Windows huanza kupakua sasisho kimyakimya, na bando la wiki linaisha kabla mtoto hajafungua ukurasa wa kwanza wa fomu.

Kinachofuata ni uamuzi unaoeleweka lakini wa hatari. Fundi huombwa azime masasisho moja kwa moja, na mashine hukaa miaka mitatu bila kuguswa.

Madhara yake dunia iliyaona Mei 12, 2017, siku kirusi cha WannaCry kilipoanza kusambaa. Kilifunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takriban 150 na kudai malipo kuanzia dola 300 kwa kila mashine. Uingereza ilipata pigo kwenye afya: takriban theluthi moja ya taasisi zinazoendesha hospitali za umma England zilivurugika, miadi ya wagonjwa ikaahirishwa kwa maelfu na magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine.

Kinachouma ni kwamba dawa ilikuwepo. Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba tundu hilo Machi mwaka huohuo, miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni wale ambao kompyuta zao hazikupata sasisho, na kirusi hicho hakikumsubiri mtu abofye chochote.

Njia ya kati ipo. Kwenye mipangilio ya mtandao, Windows inaruhusu hotspoti ya simu iwekewe alama kuwa ni intaneti ya kupimwa. Ikishawekwa, kompyuta huacha kupakua masasisho mengi makubwa ikiwa kwenye mtandao huo. Hiyo inalinda bando la kila siku.

Kisha familia ichague siku moja ya mwezi kwa ajili ya chanjo. Microsoft hutoa masasisho yake ya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi kwa saa za Marekani, kwa hiyo mwisho wa wiki inayofuata ni wakati mzuri. Kompyuta mpakato inaweza kubebwa hadi mjini, chuoni, kazini kwa shangazi au popote penye Wi-Fi ya mtu anayeaminika, ikaachwa ipakue hadi ijizime na kuwaka tena. Wengine hununua bando la usiku, ambalo kwa kawaida huwa na bei nafuu, na kuiacha ifanye kazi wakati nyumba imelala. Mwenye kompyuta ya mezani ahakikishe umeme umetulia, kwa sababu kukatika katikati ya sasisho kunaweza kuiacha mashine isiwake.

Lipo pia suala la umri. Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama Januari 14, 2020. Windows 10, ambayo ndiyo ipo kwenye kompyuta nyingi za mtumba, ilifikia mwisho wake Oktoba 14, 2025, ingawa Microsoft imewawekea watumiaji wa nyumbani mpango wa kujiandikisha na kuendelea kupata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Windows 11 haikubali mashine nyingi za zamani. Mwenye kompyuta ya namna hiyo asikimbilie kununua nyingine. Mifumo ya Linux kama Linux Mint hutolewa bure, hupata masasisho, na huenda vizuri kwenye mashine zenye umri. Kujaza fomu, kusoma PDF na kuangalia YouTube vinafanyika humo bila shida.

Nyumba moja, funguo tofauti

Kama mzazi ana nafasi ya kufanya jambo moja tu baada ya kusoma ukurasa huu, liwe hili: kila anayetumia kompyuta awe na akaunti yake, na akaunti za watoto ziwe za kawaida, zisiwe za msimamizi.

Tofauti yake ni kubwa kuliko inavyosikika. Akaunti ya msimamizi inaweza kuweka programu yoyote na kubadili mipangilio ya mashine nzima. Kompyuta nyingi za familia zina akaunti moja tu, ya msimamizi, haina nenosiri, na watu sita wanaitumia. Mtoto wa miaka 10 akibofya "pakua nguo za bure za mchezaji wako" akiwa ndani ya akaunti hiyo, amebofya kwa niaba ya baba, mama na dada anayesubiri mkopo.

Akiwa kwenye akaunti ya kawaida, programu inayotaka kubadili mashine itasimama na kuomba nenosiri la mzazi. Swali hilo dogo kwenye skrini huzuia mengi. Kutengeneza akaunti huchukua dakika 5 na hakuhitaji intaneti ya kasi.

Kuhusu maneno ya siri yenyewe, wataalamu wa usalama wanapendekeza programu za kuyahifadhi, na kwa anayeziweza ni nzuri. Lakini kwa mama ambaye hataki kuongeza programu nyingine, daftari lililofungiwa kabatini ni salama kuliko nenosiri moja la jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa linalotumika kila mahali. Mwizi wa mtandaoni hawezi kufungua kabati la Kiboriloni. Barua pepe ndiyo iwe na nenosiri gumu kuliko yote pamoja na uthibitisho wa hatua ya pili, kwa sababu mwenye kuishika barua pepe anaweza kuomba kubadilishiwa maneno ya siri ya vitu vingine vyote.

Hilo linawahusu kwa namna ya pekee wanaoishi kwa utalii wa mlima. Kampuni nyingi ndogo za safari za Moshi kwa kweli ni kompyuta moja ya mezani sebuleni na kijana anayejua Kiingereza. Mhalifu akiingia kwenye barua pepe ya kampuni ya namna hiyo, haharibu kitu. Husoma kimya, husubiri mgeni aulize alipe wapi amana ya kupanda Kilimanjaro, kisha hujibu kwa jina la kampuni na kutoa akaunti ya benki nyingine. Mgeni anafika ameshalipa, na familia haijapokea hata senti. Maelezo ya benki yanayobadilika ghafla yathibitishwe kwa simu, na mteja aambiwe hivyo tangu barua ya kwanza.

Kinachowafuata watoto

Virusi ni sehemu ndogo ya hofu ya mzazi, na pengine si kubwa kuliko zote. Utafiti wa Disrupting Harm uliotolewa mwaka 2022 na ECPAT, Interpol na Unicef ulikadiria kuwa asilimia 4 ya watoto wa Tanzania wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikumbwa na ukatili mkubwa wa kingono wa mtandaoni katika mwaka uliotangulia utafiti. Kwa idadi ya watu, hao ni takriban watoto 200,000.

Programu za kuchuja zipo. Family Link ya Google na Family Safety ya Microsoft hazilipiwi, nazo humwezesha mzazi kuweka muda wa matumizi na kuzuia tovuti. Njia nyepesi zaidi ni kubadili anwani ya DNS ya kompyuta kuwa 1.1.1.3, huduma ya bure ya Cloudflare inayozuia tovuti nyingi za ngono na zile zinazojulikana kusambaza virusi. Fundi yeyote anajua mahali pa kuiandika.

Hata hivyo kichujio hakioni ujumbe wa mtu mzima anayejifanya ana miaka 14. Kwa hilo, mahali kompyuta inapokaa pana nguvu kuliko programu. Ikiwa sebuleni, skrini ikitazama chumba, mazungumzo mengi hayaanzi. Kamera ifunikwe kwa kipande cha karatasi wakati haitumiki.

Na mtoto ajue mapema, kabla halijatokea, kwamba akitishiwa kwa picha zake hatapigwa wala kunyang'anywa simu kwa kusema. Wanaotishia hutegemea hofu ya fimbo ya nyumbani kuliko kitu kingine chochote. Mzazi asilipe, asifute ujumbe wala picha za skrini, na apige 116, namba ya bure ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, au afike Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua makosa haya.

Steshenari

Nusu ya kazi za kompyuta za familia hufanyika kwenye steshenari: kuskani, kuchapa, kupakia fomu. Hapo hakuna mzazi anayeweza kujua mashine ile imepitiwa na flashi ngapi tangu asubuhi.

Kosa la kawaida ni kufungua WhatsApp kwenye kompyuta ya dukani ili kuchapa faili moja, kisha kulipa na kuondoka. Akaunti inabaki wazi, na anayefuata kwenye kiti anaweza kusoma mazungumzo ya familia. Ni salama zaidi kulituma faili kwenye namba ya duka na kuomba lifutwe kazi ikiisha. Aliyewahi kufungua WhatsApp yake dukani afungue mipangilio ya simu yake, aangalie vifaa vilivyounganishwa, na aondoe asivyovitambua. Barua pepe nayo itolewe kabisa, na kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nenosiri, jibu ni hapana.

Nakala za vyeti zilizoachwa kwenye kompyuta ya watu zina thamani kuliko zinavyoonekana. Matapeli wanaowapigia wazazi na kudai mtoto ameanguka shuleni, amelazwa na fedha inahitajika haraka, huaminika kwa sababu wana jina kamili, shule na kidato. Mkoa wenye shule nyingi za bweni kama Kilimanjaro una wazazi wengi ambao hawawezi kukimbia hadi shuleni kuhakikisha. Mzazi akate simu hiyo, apige namba ya shule aliyonayo tangu siku ya kuandikisha, na asiitumie namba anayopewa na mpigaji. Namba inayotuma ujumbe wa kitapeli huripotiwa TCRA kupitia 15040.

Vumbi, moshi na mende

Usafi wa kawaida nao una nafasi yake. Moshi mjini wakati wa kiangazi vumbi huingia hata dirisha likifungwa, na kwenye nyumba ambazo jiko la kuni liko karibu, masizi hushika vumbi hilo na kulifanya zito. Likikaa kwenye feni, kompyuta hupata joto, hupunguza kasi na mwenyewe hudhani ina virusi.

Kompyuta izimwe na kuchomolewa kabla ya kusafishwa. Brashi laini ya rangi iliyo mpya na kavu hutosha kwa kibodi na matundu ya hewa. Skrini ifutwe kwa kitambaa laini kilicholowanishwa kidogo kwa maji, na maji yasipulizwe moja kwa moja. Kufungua ndani na kupuliza feni ni kazi ya fundi, mara moja au mbili kwa mwaka. Kuiweka juu ya godoro au blanketi kunaziba pumzi yake. Huko juu mlimani, masika ya Machi hadi Mei huleta unyevu, na kompyuta inayowekwa sakafuni ukutani huumia mapema. Mende na mijusi hupenda joto lake, hivyo makombo ya chakula yasiachwe juu ya kibodi, ambayo kwa kuguswa na mikono ya nyumba nzima inastahili kufutwa mara kwa mara hasa mafua yakizunguka.

Ikishaugua

Tangazo linaloruka kwenye kona ya skrini likisema "kompyuta yako ina virusi 5, bofya hapa" kwa kawaida si kipimo. Mara nyingi ni tovuti iliyowahi kuomba ruhusa ya kutuma taarifa, na mtu akabofya "ruhusu". Dawa yake iko kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa: tovuti zote zisizojulikana ziondolewe ruhusa. Kelele hukoma siku hiyohiyo.

Ikiwa dalili ni nzito zaidi, mathalani Defender imejizima, marafiki wanapokea ujumbe ambao hakuna aliyeutuma, au mafaili hayafunguki, intaneti ikatwe kwanza. Maneno ya siri yabadilishwe kwa kutumia simu, si kompyuta hiyo, kuanzia barua pepe na kumalizia benki. Defender ina uchunguzi wa nje ya mtandao unaowasha mashine upya na kuipekua kabla Windows haijaamka. Huchukua takriban dakika 15 na hukamata virusi vinavyojificha. Isiposaidia, nyaraka na picha zinakiliwe, programu ziachwe, na mashine iwekewe mfumo upya.

Mafaili yakifungwa na mtu akadai fidia, kulipa hakumhakikishii mtu kuyapata. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, una funguo za bure za baadhi ya virusi hivyo kwenye tovuti yake.

Familia yenye nakala haisumbuki sana na haya. Akaunti ya Google ina nafasi ya bure ya GB 15, inayotosha vyeti na nyaraka zote za ukoo. Picha na video ziwekwe kwenye diski ya nje inayochomekwa siku ya kunakili tu, kisha inarudi kabatini. Diski inayokaa imechomekwa muda wote hufungwa na kirusi pamoja na kompyuta yenyewe.

Kwa wanaobadilisha mashine sasa kwa sababu ya Windows 10, kuna kazi moja kabla ya kuipeleka ya zamani sokoni au kuwapa ndugu. Kufuta mafaili na kumwaga kapu la taka hakuondoi kitu, kwani programu za bure huyarudisha. Kwenye mipangilio ya kurejesha kompyuta kuna chaguo la kuondoa kila kitu na kusafisha diski. Huchukua saa kadhaa, kwa hiyo ianze jioni, chaja ikiwa imechomekwa.